Hotuba ya Kuzindua Maabara ya Maziwa ya Watoto

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye kwa sababu zilizo nje ya uwezo wangu ni mimi mwenyewe; waheshimiwa wakuu wa idara, wakuu wa vitengo, makaimu wa wakuu wa vitengo na wanaowashikia nafasi makaimu; wajumbe wa kamati ya maandalizi, kamati ya viti na kamati ndogo ya vinywaji; viongozi wa dini mliotuombea mvua isinyeshe; wanahabari wote wawili; na nyinyi akina mama na akina baba mliobeba watoto, ambao mmeombwa zaidi ya mara moja kuwanyamazisha: itifaki yote nimeizingatia, na ambaye sijamtaja ajihesabu ametajwa kwa heshima kubwa kuliko waliotajwa. (Makofi kutoka meza kuu.)

Nasimama mbele yenu nikiwa Mkurugenzi wa Uratibu wa Uhakiki wa Usalama wa Lishe ya Watoto Wachanga, cheo ambacho kibao chake kimezidi upana wa mlango wa ofisi yangu, kuzindua Maabara ya Kisasa ya Kupima Viambato vya Maziwa ya Kopo ya Oganiki, yaani yale yanayoitwa asilia, projekti ambayo imepitia mchakato shirikishi, semina elekezi na ziara za kujifunza katika miji ambayo, bahati mbaya, maabara zake zilikuwa zimefungwa kwa sikukuu. Tafiti za awali za ofisi yangu, ambazo zinaendelea kuhakikiwa kabla hazijafanyika, zinaonyesha kwamba asilimia tisini na nne ya wazazi wana wasiwasi na kilichomo ndani ya kopo, na asilimia sita waliobaki ni wale tuliowauliza wakiwa wamesinzia. (Kicheko nyuma ya hema.)

Sasa, kwa kuwa takwimu hazina sura, mshauri wangu wa mawasiliano amenielekeza nitoe mfano wa mwananchi halisi, na mwananchi huyo tumemleta, yuko mstari wa pili, yule mama mshonaji mwenye mtoto wa kike mgongoni, na pembeni yake mumewe, fundi wa kuchomelea mageti. Wapungieni mkono. (Watu wanawapungia. Mama hapungi.)

Mama huyu ana chumba kimoja kando ya barabara, cherehani mbele, kitanda nyuma, pazia katikati. Alijifungua salama, akanyonyesha vizuri, halafu akaugua, na dawa alizopewa zilikuwa kali kiasi kwamba daktari alimkataza kumnyonyesha mtoto mpaka azimalize. Nimeambiwa alilia siku hiyo kuliko alivyolia siku ya kujifungua. Dada yake, mwenye moyo mzuri, akamletea makopo mawili ya maziwa ya oganiki, yenye picha ya jani la kijani na ng'ombe anayetabasamu. Mama akafurahi. Baba akalichukua kopo moja akalisogeza dirishani, kwa maana macho ya mchomeleaji mnayajua, akasoma viambato kimoja kimoja, na karibu na mwanzo kabisa akakuta shira ya mchele.

Huyu baba aliwahi kusikia redioni kwamba mpunga, hata uliolimwa bila dawa yoyote, unaweza kufyonza sumu ya aseniki kutoka kwenye udongo na maji. Akamwambia mkewe walirudishe kopo, watafute yale maziwa ya kawaida aliyoyataja daktari. Mkewe akamjibu, na maneno haya nimeyanukuu kwa idhini ya kamati: "Hili lina mchele, na mchele naujua. Hilo la daktari lina maneno ambayo hata kuyatamka siwezi." Baba akasema, "Mchele unaoujua ni wa kwenye sufuria. Huu hatujui umelimwa wapi, na huyu mtoto hali kitu kingine." Basi wakanuniana, mmoja mbele ya pazia na mwingine nyuma yake, na wote wawili, kwa tathmini ya kina ya ofisi yangu, walikuwa na hofu moja. (Minong'ono. Akina mama wanatikisa vichwa.)

Hapo, ndugu wananchi, ndipo serikali sikivu ilipoingia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimetangaza redioni, kwa sauti hii hii mnayoisikia, kwamba mzazi mwenye shaka alete kopo ofisini, nasi tutalipima katika maabara yetu na kumpa majibu ya kitaalamu. Kesho yake wakaja. Kopo moja walikuwa wameshalifungua nyumbani, wakaleta la pili likiwa bado na mfuniko wake. Nikawapokea kwa tabasamu, nikawakalisha, nikawaeleza dira, dhima na malengo mahususi ya kurugenzi yangu, nikalipokea kopo kwa mikono miwili mbele ya mpigapicha. Wakauliza majibu yatatoka lini. Nikasema, punde tu mchakato utakapokamilika. Wakauliza, na mpaka hapo mtoto anywe nini. Nikawaambia kwamba hilo ni swali zuri sana. (Kicheko.)

Walirudi, nikawapa kauli ya matumaini. Wakarudi tena, nikawapa kauli ya subira. Waliporudi tena nilikuwa kwenye semina, katibu wangu akawapa kalenda. Na kwa kuwa mimi ni muumini wa uwazi na uwajibikaji, niseme hapa hadharani kuhusu sampuli yao, kwa sababu kuna maneno mitaani: si kweli kwamba ilipotea. Sampuli ilitumika yote ndani ya ofisi, katika chai ya saa nne, chini ya uangalizi wa karibu wa wakuu wa vitengo, na mpaka ninapozungumza nanyi hakuna mtumishi hata mmoja aliyeripoti kuumwa. Huo nao ni utafiti. (Zomeo fupi. Meza kuu inapiga makofi ili kulifunika.)

Tuendelee, tafadhali. Kipindi hicho cha mpito kilikuwa na changamoto ndogo, ambayo naomba niieleze kwa lugha ya kitaalamu kama marekebisho ya ujazo katika ngazi ya kaya. Mama alikuwa akikoroga maziwa ya lile kopo la nyumbani... (Mama mshonaji amesimama.) Mama, kaa tu, nakusemea mimi. (Sauti: Mwache aseme mwenyewe.) Hakuna tatizo, aseme, ila kipaza sauti ni kimoja na kimeunganishwa na mimi, kwa hiyo atasema kisha mimi nitawarudia walio nyuma. Karibu, mama, kwa kifupi.

Mama anasema anaishukuru sana kurugenzi kwa ushirikiano mkubwa. (Kelele mbele: Hajasema hivyo.) Samahani, upepo. Anasema alikuwa anaogopa. Anasema kila akishika kijiko aliona sumu, na kila mtoto akilia aliona njaa, na hakujua ipi itamwahi mwanawe. Anasema akawa anapunguza unga na kuongeza maji, akidhani unga ukipungua na sumu itapungua. Nusu ya kipimo. Halafu chini ya nusu.

Anasema mumewe hakujua. Anasema yeye ndiye aliyekoroga kila chupa, na mumewe akimuuliza alimwambia wanasubiri majibu yetu. Mtoto akanywa chupa nzima na bado akalia, halafu siku moja akaacha kulia. Anasema hapo ndipo aliposhtuka, kwa sababu kilio alishakizoea, ila ule unyamavu hakuwahi kuusikia.

Mama, hapo panatosha, nadhani ujumbe umefika. (Sauti nyingi: Endelea kurudia.) Narudia, narudia, mimi ni mtumishi wenu. Anasema alimpeleka mbio kwa daktari wa watoto, mumewe akitoka kazini na vumbi lake la chuma, na mtoto alipowekwa kwenye mizani, uzito ulikuwa umerudi nyuma badala ya kwenda mbele. Daktari akamuuliza anakorogaje. Anasema hapo akamwambia ukweli mbele ya mumewe, huku akitazama sakafu. Mumewe... (Baba naye anasimama.) Naona sasa tumekuwa na mjadala. Haya, baba anasema hakumgombeza. Anasema aliona aibu, kwa sababu yeye ndiye aliyemtia hofu kwa maneno ya redioni, kisha akatoka akaenda kuchomelea mageti ya watu na kumwachia mkewe kijiko. Anasema alimchukua mtoto, akamshika mkewe bega, akamwomba daktari awafundishe wote wawili kukoroga, ili wasimwachie mmoja peke yake. (Makofi marefu. Meza kuu haipigi.)

Na daktari alisema nini? Baba anasema aliwaeleza bila kuwabeza kwamba neno oganiki linaeleza namna mazao yalivyolimwa na mifugo ilivyotunzwa, na si hati ya kwamba maziwa ni salama kuliko mengine. Wasivutwe na jani wala ng'ombe, waangalie kama maziwa yametengenezwa kwa umri wa mtoto wao na kama yamepita kwenye viwango vinavyotakiwa. Lile la shira ya mchele waliache, halina ulazima, yapo mengine, ya oganiki na yasiyo ya oganiki. Ila hatari iliyomkuta mtoto wao haikuwa kwenye mchele, ilikuwa kwenye maji yaliyozidi. Kipimo kilichoandikwa kwenye kopo kifuatwe kama kilivyo. Mtoto akalazwa. Akapewa maziwa ya kawaida, kwa kipimo. Anasema mtoto alipolia tena kwa nguvu, wodi nzima iligeuka, na wao wawili wakacheka mpaka wakalia.

Mtoto mwenyewe ndiye yule. Mnamwona alivyojaa mashavu. (Makofi, vigelegele.) Nashukuru sana, na naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba mtoto huyu amehesabiwa kati ya watoto walionufaika na projekti hii, na kwamba kwa sasa ndiye asilimia mia moja ya wanufaika wote. (Zomeo.)

Mama bado amesimama. Una la nyongeza? Mama anauliza... Hapana, hilo ni jambo binafsi. (Sauti: Rudia.) Anauliza kama ni kweli kwamba binti yangu wa kwanza amejifungua karibuni. Ni kweli, nimekuwa babu, ahsanteni. Anauliza huyo mjukuu wangu anakunywa nini.

Ndugu wananchi, swali hilo lina nyanja nyingi na linahitaji muktadha mpana wa kisera. Binti yangu, kama wazazi wengine, alikuwa na changamoto ya maziwa kutotosha. Alinipigia simu akilia, akaniuliza, baba, wewe ndiye mwenye maabara, nimpe mtoto kopo lipi? Nikamwambia, mwanangu, usisubiri maabara. Nenda kwa daktari sasa hivi.

Nilisema hivyo kama baba. Kama Mkurugenzi ningesema vingine. (Mtu mmoja anacheka peke yake. Wengine hawacheki. Mama mshonaji anakaa.)

Mama hakusema kitu, kwa hiyo sina cha kuwarudia.

Nikisonga mbele, na nikiwa nimegeuza ukurasa ambao naona umebandikana na mwingine, napenda kuwahakikishia kwamba katika awamu ya pili maabara hii itapanuliwa, itaunganishwa na mfumo wa kidijitali, itapima maziwa, uji, maji, chupa na hata chuchu za chupa, na majibu yatatumwa kwa kila mzazi kabla hajauliza, na wivu wa majirani zetu hautatuzuia. Mimi binafsi, ambaye nimetunukiwa vyeti vingi kuliko kuta zangu, sitapumzika. Sasa tusimame pamoja kwa kaulimbiu. Nikisema "maziwa," nyinyi mseme "salama." Maziwa! (Wachache: Salama.) Kipimo! (Wote, kwa sauti kubwa: Kwa daktari.) Hiyo haikuwa kwenye ratiba, lakini tunaipokea. Kurugenzi! (Kimya. Mtoto mmoja anapiga chafya.) Ahsante, mwanangu.

Nimalizie kwa shukrani, maana bila watu hawa tusingefika hapa. Nawashukuru wale vijana watatu waliosimama mlangoni wakiwa na makoti meupe, ambao wamepiga picha vizuri sana kama wataalamu, na nawakumbusha makoti yanatakiwa buchani kabla ya wateja wa jioni. Namshukuru jirani aliyetuazima jokofu lililofunikwa shuka pale ndani, na namwomba radhi kwa samaki wake tuliowatoa. Namshukuru mchoraji wa kibao, aliyeandika neno "maabara" kwa chaki ili kibao kitufae na kwa shughuli nyingine. Na kwa namna ya pekee namshukuru ndugu yetu kinyozi, mwenye chumba hiki, aliyekubali kufunga kazi tangu asubuhi, akatoa viti na vioo, akatuachia tukate utepe mlangoni kwake bila kutudai lolote. Ndugu yangu, tumemaliza, unaweza kurudisha viti vyako na kufungua. Na kama hutajali, mteja wa kwanza niwe mimi, unitengeneze ndevu haraka kidogo, kwa sababu jioni nina uzinduzi mwingine.