Ombi Rasmi Kuhusu Waya wa Kuanikia Nguo

Jumatatu, 4 Machi

Dhuluma! Tunaonewa, tena mchana kweupe. Waya wa kuanikia nguo uani tunagawana na jirani, fundi saa, ambaye watoto humwita Bwana Dakika. Ukutani nyuma ya waya zimeandikwa namba kwa rangi, mita kwa mita, na sifuri iko kwenye bomba la maji. Sehemu yetu yaanzia hasi nne, kushoto kwa bomba, hadi tatu. Yake yaanzia tatu hadi tisa. Tisa! Nimejumlisha hasi nne yetu na tatu yetu, nikapata hasi moja. Kumbe hatuna waya, tunadaiwa waya! Nimemweleza mama watoto. Alikuwa ameinamia beseni, akifua mashuka saba ya nyumba ya wageni. Sharti yakauke kabla ya saa sita, la sivyo kazi atapewa mwingine. Akajibu kwamba yote saba huenea bila shida, na kama nimekosa la kufanya nimsaidie kukamua. Hana moyo wa kudai haki.

Jumanne, 5 Machi

Ombi tayari. "Kwako Mama Mwenye Nyumba. Kwa unyenyekevu usio na kinyongo, naomba waya ugawanywe sawa kwa sawa, bila huruma wala upendeleo." Hilo "bila huruma" lilinijia nikinyoa ndevu. Nimejikata kidevu, lakini sijuti. Bwana Dakika alichungulia begani kwangu. Eti, mzee, hebu hesabu hatua: kutoka hasi nne hadi sifuri ni nne, halafu ongeza tatu. Nikamfahamisha kwa adabu kwamba hasi haiongezwi, hutolewa. Alicheka mpaka ile lenzi yake ya jichoni ikatumbukia kwenye chai. Namsikitikia.

Jumatano, 6 Machi

Mama Mwenye Nyumba amefika na utepe wa kupimia. Sehemu yetu: mita saba. Ya jirani: sita. Nilimsihi apime tena kuanzia upande wa pili. Saba! Akatangaza, ua mzima ukisikia, kwamba mwandishi ameomba sawa kwa sawa bila huruma, na yeye huruma hana. Akaisogeza kamba nyekundu ya mpaka nusu mita upande wetu, kutoka tatu hadi mbili na nusu. Sasa kila mmoja ana sita na nusu. Bwana Dakika hakucheka. Alitazama chini, na hilo ndilo lililoniuma. Mama watoto alikwenda jikoni, masufuria yakasema kwa niaba yake.

Alhamisi, 7 Machi

Kila shuka, likikunjwa, hula mita nzima ya waya. La saba limekosa mahali. Mama watoto alinikabidhi ncha mbili, akaniamuru ninyooshe mikono. Nikasimama juani kama nguzo, maji yakinichuruzika kwapani. Mtu wa hadhi yangu! Bwana Dakika akaja. Akasema, mzee, mimi nina mashati mawili tu na taulo, mwambie shemeji aanike huku kwangu. Nilikataa kwa lugha fasaha: siwezi kupokea kama fadhila kilicho haki yangu. Mama watoto akamwambia ahsante shemeji, akaninyang'anya shuka, akalianika kwake. Likakauka mapema. Kazi haikupotea. Mikono yangu, hata hivyo, iligoma kushuka, nimekula nikilishwa.

Ijumaa, 8 Machi

Mama watoto amenichua mabega kwa mafuta ya moto, akinitania kwamba nguzo yake imepata kutu. Chini ya mikono yake fikra zikanifunguka. Kosa lote ni la sifuri! Imewekwa pabaya. Nimeandika ombi jipya: sifuri ihamishiwe langoni, mita kumi kushoto kwa bomba. Hapo ncha yetu haitaishia tena mbili na nusu. Itaishia kumi na mbili na nusu! Na fundi saa abaki na tisa yake. Mama watoto akauliza: je, na namba za jirani hazitasogea? Nikamweleza taratibu, kama mtu amwelezaye mtoto, kwamba katika ombi hili jirani hakutajwa popote.