Turudi kwa R

Nyarugusu. Jumatatu, 2 Juni 2025

Mwaka wa hamsini na moja tangu lori la serikali litutoe Bugela, kule Ushetu, likatumwaga kwenye kijiji kipya. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Mama alililia kitu kimoja tu: jiwe lake la kusagia. Dereva akasema mawe hayapandi lori. Likabaki nyuma ya nyumba, limelika katikati kama kiganja cha mtu anayeomba. Mama alikufa akiliulizia. Mimi nimekaa Shinyanga, nimekaa Kahama, nimezeekea hapa kwenye vumbi la dhahabu ya watu wengine. Sijawahi kurudi.

Jumamosi tunarudi! Kundi letu la simu, Wana-Bugela, limekodi basi dogo, Kosta. Tuko sitini na nne, tumetapakaa Kahama, Chato na Geita. Msimamizi wa kundi ni mimi. Imebaki kumchagua kiongozi wa msafara. Kiongozi atashuka wa kwanza na kuwasalimu wanaoishi pale sasa. Nimeshaandaa hotuba.

Kikwazo ni Ngusa. Tulichunga wote utotoni. Leo ana karasha la kusaga mawe ya dhahabu na anajiona. Hawezi kutamka R. Kwake barabara ni balabala, karasha ni kalasha. Mimi nilikuwa opereta wa simu Shinyanga. Mkaguzi alinisimamisha kila asubuhi niseme Rorya, Rufiji, Rungwe, mpaka L ya nyumbani ikanitoka mdomoni. Watu wanaorudi hawawezi kuongozwa na mtu anayeludi.

Jumanne, 3 Juni

Siku kubwa! Ukumbi wa kata, mhadhara wa Dakta Agnetha, mtafiti wa usalama wa mawasiliano kutoka chuo kikuu. Binti mdogo, kichwa kikubwa. Alinipa shikamoo mbele ya ukumbi mzima. Ngusa hakupewa, alikuwa nyuma, amelala.

Alisema ujumbe wa siku hizi husafiri umefungwa kwa kufuli, asomaye njiani haoni kitu. Lakini nje ya bahasha panasema mengi: nani kampigia nani, saa ngapi, mara ngapi. Mchimbaji aliyekuwa kimya mwezi mzima akianza kumpigia mnunuzi kila saa, huhitaji kusikia neno: duara lake, shimo la kuchimbia, limetema dhahabu. Ukumbi ulicheka. Jamaa mmoja wa mbele aliizima simu yake na kuikalia.

Dawa, alisema, watafiti wanazo. Ya kwanza: changanya jumbe za uongo na za kweli, mpelelezi asijue ipi ni ipi. Ya pili: hesabu za watu zitiwe kelele kidogo kabla ya kutangazwa, ili mtu mmoja mmoja asijulikane. Ya tatu: mtu athibitishwe kabla ya kuingizwa.

Niliuliza swali. Lilichukua muda. Dakta akasema ni swali zuri, mzee wangu, ila hakulielewa. Swali zuri! Watu walisikia.

Mwishoni alionya jambo fulani kuhusu kufuli linalomfungia nje mwenye nyumba. Sikuliandika. Nilikuwa nachonga penseli.

Jumatano, 4 Juni

Nimeanza na dawa ya kwanza. Ngusa akinipeleleza aone nini? Tangu alfajiri nimemimina kwenye kundi jumbe za uongo. "Ng'ombe ameingia." "Chumvi imeisha." "Yule mgeni asipewe kiti." Katikati yake nikachomeka ujumbe mmoja wa kweli: "Nichagueni."

Matokeo ni ya kutisha kwa uzuri. Mzee Boaz wa Kahama alitoka na fimbo hadi kwenye mahindi ya jirani akitafuta ng'ombe. Bhoke, mjukuu wa fundi cherehani wetu wa zamani, amenitumia chumvi kwa basi kutoka Chato. Mgeni wa Mama Asteria alinyimwa kiti, akala amesimama. Ngusa alituma ujumbe wa sauti kuuliza kama nimepima malaria.

Hakuna hata mmoja aliyegundua ujumbe wa kweli. Usiri mtupu! Mke wangu, Melania, ameuliza kama hao wapiga kura nao hawakutakiwa kuugundua. Melania ni Mzinza wa Chato. Haelewi mambo ya mitandao.

Jumla ya hasara: sifuri. Faida: chumvi.

Alhamisi, 5 Juni

Siku ya kura. Ngusa amefanya hila ambayo sijawahi kuiona maishani. Jana jioni alituma ujumbe wa sauti kwa kundi zima: "Ndugu zangu, kesho ni siku ya kula. Wote mje kwangu, pale kwenye kalasha."

Wana-Bugela wote wa huku karibu walifika na mabakuli.

Nilikuwepo, nilishuhudia. Ngusa alitoa macho. Akaapa kwamba alisema kula, kula ya kuchagua. Mama Asteria akamwambia, "Ee Ngusa, na sisi tumekuja kuchagua. Wengine paja, wengine ubavu." Ikabidi achinje mbuzi. Wakala, wakashukuru, wabeja, wabeja kila upande, na vidole vikiwa bado na mafuta wakampigia kura kwenye simu. Hii ni rushwa kwa njia ya matamshi! Nilikula kidogo tu, kwa kupinga.

Matokeo: Ngusa 41, mimi 9.

Nikakumbuka dawa ya pili. Haiwezekani kutangaza hesabu tupu, ni kuwavua nguo wapiga kura. Nikatia kelele. Baada ya kelele: mimi 58, Ngusa 31. Nimejitangaza kiongozi wa msafara! Boaz ameandika kwamba jumla imezidi wanachama, akauliza kama na marehemu wa Bugela walipiga. Nikamjibu kuwa ni sayansi. Kimya. Sayansi huwa inanyamazisha watu.

Usiku huu nimeisoma hotuba yangu kwa sauti. Inaanza na jiwe la mama. Sikuimaliza, kikohozi.

Ijumaa, 6 Juni

Kimya cha jana kimenitia shaka. Kundi lina wasaliti. Imebaki dawa ya tatu.

Asubuhi nimetoa agizo: kila mwanachama anitumie neno la siri, Turudi Bugela. Nimelisema kwa sauti, mara moja, polepole, kila R ikisikika kama pikipiki. Atakayelikosea si mwenzetu, ni mdukuzi, anatolewa.

Wa kwanza Boaz: "Tuludi Bugela." Nikamtoa. Mama Asteria: "Tuludi Bugela jamani." Nikamtoa, na jamani yake. Ngusa: "Tuludi Bugela, mwenyekiti wa kelele." Huyo nilimtoa mara mbili, nilimrudisha ili nimtoe tena. Tuludi, tuludi, tuludi. Bhoke wa chumvi naye, nilisikitika lakini nikamtoa. Kumbe nimeishi na wadukuzi miaka yote hii!

Mmoja tu aliandika sawasawa. Nasibu. Hakuna anayemjua ni wa nyumba gani, lakini R yake imenyooka. Nikampa unaibu msimamizi papo hapo. Kijana mchapakazi! Dakika ileile akauliza kama wenzetu wote wanaweza kutuma nauli kwa namba hii yake. Nikamjibu kwamba wenzetu wote nimeshawatoa. Akaandika, "Mzee, kwa hiyo humu tuko wawili?" Nikathibitisha. Akaaga kwa adabu, akaondoka.

Sasa Wana-Bugela ni kundi salama kuliko yote Kanda ya Ziwa. Hakuna anayeweza kuvujisha neno. Nimeandika ndani yake, "Kesho saa moja asubuhi, stendi." Wanachama wote wamesoma. Nimehakikisha: nimesoma.

Jumamosi, 7 Juni

Saa kumi na mbili na nusu niko stendi. Koti, tai, hotuba mfukoni. Melania alikuwa ametoka nyumbani kabla yangu na kitenge cha ziada begani. Alisema anakwenda kuchukua mzigo.

Saa moja. Saa mbili. Saa tatu. Wauza mihogo wameanza kuniita mheshimiwa.

Nikaenda kwenye karasha la Ngusa. Kijana wa pale, mweupe kwa vumbi kama aliyepakwa unga, alinipa shikamoo na kusema Kosta iliondoka saa kumi na moja alfajiri. Wameunda kundi jipya. Na mama alikuwemo, kiti cha mbele. Mama yupi? Mama Lusia. Lusia ni binti yangu. Mama Lusia ni Melania.

Nilikaa kwenye gunia la mawe kidogo.

Kisha nikaona jambo zima lilivyo. Saa ya kuondoka ilifichwa kwa ustadi hata kiongozi wa msafara hakuijua! Nani aliwafundisha? Mafundisho yangu yamewaingia kuliko nilivyodhani. Nimerudi nyumbani kifua mbele, kwa njia ya nyuma.

Hotuba nimeisomea chumvi.

Jumapili, 8 Juni

Hodi jioni. Sauti ni ya Melania, lakini sauti si ushahidi. Nikadai neno la siri kupitia tundu la mlango.

Akasema, "Baba Lusia, nina jiwe kichwani. Fungua."

Nikasema jiwe lolote linaweza kudai kuwa jiwe. Kisha nikasikia kitu kizito kikitua kizingitini, na yeye akikaa juu yake. Akasema atakaa hapo hapo, na kila jirani akipita atamweleza kwa nini.

Nikafungua. Ni mapendekezo ya utafiti kwamba taratibu zisiwe ngumu kwa mtumiaji.

Akafungua kitenge. Lilikuwa lenyewe. Pembe moja imevunjika, pale nilipolipiga jembe nikiwa mtoto na mama akanifukuza hadi mtoni. Nikaweka kiganja kwenye lile shimo. Kikaenea.

Melania alieleza. Walilikuta kwa mama mmoja anayeishi pale sasa, kuku wanalinywea maji. Ngusa ndiye aliyelitambua. Yeye ndiye aliyeomba, yeye na Boaz wakalibeba hadi barabarani, dereva akasema mawe hayapandi, na Ngusa akamwambia hili linapanda, au mimi nashuka. Na hakutoa hotuba. Aliposhuka alitoa tu salamu ya kwetu, "Mwadila," wakaitikia, akalia.

Niliuliza kama alilia kwa ufasaha. Melania alikunja kitenge chake.

Kisha akatoa ujumbe. Agosti wanakwenda tena, kuonyesha makaburi yalipo. Kiti changu kipo, cha mbele. Wote wamekubali kunipokea kwenye kundi jipya. Sharti ni moja, la Ngusa: nithibitishwe. Nimwandikie neno la siri kama wenyewe wanavyolisema, Tuludi Bugela. Kwa L. Hata mara moja tu.

Simu nimeishika mkononi saa nzima. Jiwe liko miguuni pangu. Melania amepita mara tatu akijifanya anatafuta kifuniko. Niliandika T. Nikaandika U. Kidole kikakaa juu ya L, kikakaa, na nilimsikia mama kabisa akiniita kwa L zake zote.

Nikaandika Turudi.

Jibu lilikuja mara moja: "Mdukuzi. Ametolewa." Nikacheka kwa sauti. Wamenitoa kwa kanuni yangu mwenyewe, neno kwa neno! Hakuna mwalimu aliyewahi kufaulu hivi.

Kesho namwandikia Dakta Agnetha kumpa matokeo. Kundi langu limebaki na mwanachama mmoja, halijawahi kudukuliwa, na R zake zote ni nzima.

Bugela sitarudi.