Kichwa Kilichopimwa Mara Mbili

Jamani, leo nimeadhirika! Na nina hasira, kwa hiyo anayetaka kucheka aende akachekee kwao.

Mdachi mkubwa wa boma alikuja shuleni kwetu kuchagua mwanafunzi wa kwenda kusoma Tanga. Mmoja tu! Ukirudi, unakuwa karani. Hubebi tena mawe ya boma kama wajomba zangu. Niliitaka nafasi ile kufa na kupona.

Mwalimu akanivuta pembeni. "Salimu, Bwana Mkubwa hataki washenzi. Anataka Mswahili wa pwani. Baba yako ni askari, mtu wa Pangani. Sema hivyo, basi."

"Na mama?"

"Mama muache nyumbani."

(Mama ni Mwarusha wa hapa hapa chini ya Meru. Ndiye aliyeifua kanzu niliyovaa. Lakini haya.)

Tukapangwa mistari miwili: wa pwani huku, Waarusha na Wameru kule. Mimi huku, kofia upande. Binamu yangu Loishiye kule, kanikodolea macho. Mdachi akatoa dude la chuma kama koleo la mhunzi. Anapima vichwa! (Kichwa cha mtu, jamani, kama boga sokoni.) Akanibana masikioni, akasema Kidachi chake. Mwalimu akatafsiri kwa furaha: "Bwana anasema hiki ni kichwa cha mstaarabu. Ona kilivyo tofauti na vile vya kule!"

Nikatabasamu. Mjinga mimi.

Mara akaingia Koko, bibi mzaa mama, na kibuyu chake cha maziwa. Kasikia mjukuu anasafiri, kaja kumuaga. Kajipaka mafuta, shanga zinalia shingoni. Nikajiambia: Salimu, tazama mbele. Humjui.

Lakini kwa watu wa upande wa mama, mtoto akimwona mkubwa huinamisha kichwa aguswe utosini. Nimefanya hivyo tangu nijue kusimama. Koko alipofika, kichwa kikainama chenyewe! Wallahi sikukituma. Akanigusa, akanitemea mate ya baraka. Ptuu! Kisha akaona na Mdachi kaniwekea mkono kichwani. Akafurahi, kumbe mzungu huyu ana adabu! Basi akambariki na yeye. Ptuu! Kwenye miwani.

Mdachi akawa mwekundu. Askari akainua kiboko. "Mshenzi kamtemea Bwana Mkubwa!" Koko anatabasamu tu, anangoja kushukuriwa.

Damu ikanichemka. Tanga kitu gani! Nikapiga kelele: "Msimguse! Ni bibi yangu mzaa mama! Anambariki!"

Mwalimu akatafsiri huku kajishika kichwa. Askari akashusha kiboko bila kupiga. Mdachi akafuta miwani, akanitazama, akachukua tena koleo lake. Akanipima upya, taratibu. Mwalimu akaongea bila kunitazama: "Bwana anasema alikosea. Hiki ni kichwa cha mshenzi. Nenda mstari ule."

Kichwa kile kile! Hakikukua, hakikupungua, kimeongezeka mate tu! Asubuhi kina ustaarabu, mchana hakina. Huo ndio usomi wao?

Loishiye akanisogezea nafasi. "Karibu nyumbani, mstaarabu." Mstari wote ukaangua kicheko. Na Koko bado anauliza safari ni lini.

Nimemaliza. Sasa acheke mtu hapa, nitampiga kichwa. Hiki hiki, kilichopimwa mara mbili.