Baiskeli Ambayo Bado Haijapokelewa

Kabondo, Kisangani
Jumatatu asubuhi

Kwa Mheshimiwa Tonton Bavon Lokwa,
Mjomba wa mchumba wangu Déborah, msemaji wa familia na mtunzaji wa vitu vya mahari.

Yahusu: kengele mpya unayonidai

Tonton mpendwa,

Nakuandikia kwa heshima zote za mkwe mtarajiwa, nikiwa nimekaa chini, kwa sababu mara ya kwanza nilianza kuandika nimesimama na hasira ikaharibu mwandiko. Natumaini mgongo umeacha kukusumbua na mkeo Mama Pétronille anauza mawese yake vizuri. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mimi.

Kwa faida ya wazee watakaosomewa barua hii, nikumbushe mambo yalivyo. Mliponitajia mahari ya Déborah, sikukunja uso. Mbuzi nilimleta, mkamla. Suti yako niliileta, ukaivaa Pasaka. Kitenge cha mama, chumvi, taa na panga, vyote vilipokelewa kwa vigelegele. Kikabaki kitu kimoja tu, baiskeli mpya iliyo kamili, na hilo neno "kamili" ulilirudia huku umeinua kidole. Mimi ni seremala, si mtu wa almasi. Nilipiga randa vitanda vya watu wengine hadi viganja vikaota sugu, nikanunua baiskeli nyeusi isiyokosa hata skrubu, nikaisukuma kwa mkono kutoka soko kuu hadi kwenu, kwa maana niliona si adabu mimi kuwa wa kwanza kuikalia. Wa kwanza kuikalia ukawa wewe.

Siku ile ulitangaza mbele ya mashahidi kwamba baiskeli haijapokelewa, imehifadhiwa tu, na kwamba itapokelewa siku ya sherehe baada ya kukaguliwa. Nilikubali. Sikufahamu kwamba kwenu kitu huhifadhiwa kikiwa mwendoni. Sherehe imeshaahirishwa mara mbili, na kila mara ni kwa sababu ukaguzi umekuta kitu kimepungua. Kwa hiyo naweka malalamiko yangu kwa namba, ili tukigombana tugombane kwa utaratibu.

1. Tairi. Sherehe ya kwanza ilivunjika wapishi wakiwa wameshawasha moto. Uliinama, ukapapasa gurudumu la nyuma, ukasema: "Zakaria, kinga iko, lakini tairi iko wapi? Hii iko na kipara." Kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli huku, na ni kweli tairi lilikuwa na kipara. Nilinunua tairi jipya na mpira wake wa ndani bila kuuliza namna baiskeli iliyosimama sebuleni inavyoweza kulika hivyo. Nilidhani labda ni mchwa.

2. Kiti, pamoja na mto wa nyuma. Kiti kilichanika, nikaleta kingine. Hapo Mama Pétronille akaongeza kitu ambacho hakikuwahi kutajwa: "Mutoto wetu atakaa juu ya chuma? Bon, leta na coussin." Niliona ana haki. Nilishona mto huo kwa mkono wangu, kwa ngozi nyekundu iliyobaki kwenye viti vya mteja, na kila nilipopitisha sindano nilimfikiria Déborah. Wiki iliyofuata nilikuwa na haraka ya kwenda mjini, nikasimamisha toleka, hizi baiskeli zetu za kubeba abiria, nikapanda nyuma. Tonton, nilikaa juu ya mto wangu. Dereva alikuwa kijana wako Camille. Alinitoza nauli kama mtu asiyenijua, na tulipofika akakumbuka kwamba mimi ni shemeji yake, akasema: "Beau-frère, pédale inateleza. Utaleta ingine lini?"

3. Pedali, mnyororo, usukani na rimu zote mbili. Nilileta. Hapa silalamikii vipya, nalalamikia vya zamani. Kila nilipoleta kipuri, kile kilichotoka kilibaki kwenu, nanyi mkasema ni cha ukumbusho. Juzi nilipita nyuma ya jiko lenu nikakuta ukumbusho huo umeunganishwa, umesimama kwa magurudumu yake mawili, na binti wa jirani anaukodi kwenda shule. Maana yake nimeshaleta baiskeli mbili, na hakuna hata moja iliyopokelewa.

4. Kengele. Ijumaa uliniletea habari kwamba sherehe ya Jumamosi ijayo nayo haitawezekana, kwa kuwa baiskeli haina kengele na mtu hawezi kumtoa binti wa watu kwa baiskeli bubu. Kengele nimeiona. Iko sokoni kwenye meza ya Mama Pétronille, anaipiga kuwaita wateja wa mawese, na inalia vizuri sana.

Katika yote hayo ningeendelea kunyamaza, kama nilivyozoea, isipokuwa jana Déborah alikuja karakana. Hakukaa. Alinitajia meli na shangazi yake, akasema: "Zakaria, mimi haiko kinga. Wakiahirisha tena, nashika bateau, naenda Basoko kwa tantine, na sirudie." Unamjua, Tonton, umemlea wewe baada ya baba yake kufariki, akisema kitu amekisema. Alipoondoka nilishindwa kushika msumeno. Kitanda chetu kiko pale, mbao zake zimeegemezwa ukutani, kwa sababu niliapa sitakiunganisha kabla hajaingia nyumbani. Nampenda na naogopa, ndivyo ilivyo, na sioni aibu kukuandikia hivyo.

5. Kwa hiyo nimeketi nikafikiri, na naomba wazee wasikilize hapa vizuri. Kitu kinachotoka nyumbani kwa mzazi wake, kikaenda kuishi kwa watu, kikaamka nao alfajiri, kikawabebea maji na kuni, kikatafuta riziki ya nyumba hiyo, na kikiugua kinarudishwa kwa mzazi kikatibiwe, hakiitwi mahari. Kinaitwa binti aliyeolewa. Tonton, baiskeli yangu imeolewa kwenu. Imeolewa na Camille, bila barua, bila posa, na bila mtu kubisha hodi kwangu. Nami kama mzazi nadai mahari yake. Sitaki mbuzi wala suti. Nadai kitu kimoja, Déborah, na nadai aletwe Jumamosi. Sitamkagua. Hata akija na kandambili moja nitampokea mlangoni, saa hiyohiyo, bila kumhifadhi popote.

Usiseme kwamba sijui uzito wa kumtoa binti. Tangu baba yetu atuache, msemaji wa nyumba yetu ni mimi, na dada yangu Micheline naye amechumbiwa. Najua msemaji hana budi kuwa mkali, la sivyo watu watadhani nyumbani binti amewachosha. Lakini ukali una mwisho wake. Kitu cha mtu ambacho hujakipokea hakipandwi, na kikiharibika mikononi mwako humrudii mwenyewe kumdai. Hilo halihitaji kusoma sana, Tonton, ni utu wa kawaida.

Nawasalimu wote wa hapo nyumbani. Mnisalimie Mama Pétronille na wateja wake. Camille mwambieni apunguze mwendo kwenye mashimo, maana rimu bado ni mpya. Binti wa jirani asome kwa bidii. Baiskeli nazo zisalimieni, zote mbili.

Mkwe wenu mtarajiwa, na kwa upande wa baiskeli mkwe wenu kabisa,

Zakaria Lisungi
Seremala

N.B. Naongeza haya nikiwa nje ya mlango wenu. Barua nimeileta mwenyewe ili isichelewe, kwa baiskeli ya Assumani wa Kapalata, mchumba wa Micheline. Aliileta kwetu juzi Jumamosi kwa mahari na nimeihifadhi. Ni nyepesi mno, unaisahau chini yako, ila nilipofika kwenye kona yenu mnyororo ulikatika. Kengele unayonidai utaikuta ndani ya bahasha hii, ni mpya na nimeijaribu njia nzima. Naomba uipokee, ili Jumamosi isituponyoke. Assumani nimeshamtumia ujumbe kwamba sherehe yao itabidi isogezwe mbele, mpaka alete mnyororo, na kengele pia, kwa sababu baiskeli aliyotuletea haina.