Sufuria ya Tamale Inayonifuata

Jumatatu, 6 Januari
Sikukuu ya Mamajusi. Tumekata mkate wa sikukuu, unaookwa na kitoto cha plastiki ndani yake, nyumbani kwa mama mkwe, Doña Eufrasia, hapa Puebla, Meksiko. Kipande changu kikawa ndicho chenye mtoto. Balaa! Anayempata hulisha ukoo mzima tamale, vifurushi vya unga wa mahindi vinavyopikwa kwa mvuke, siku ya sikukuu ya Candelaria, tarehe 2 Februari. Midomo thelathini. Nikamficha mdomoni, shavuni, nikatabasamu. Mwaka jana alimpata shemeji Gildardo. Tamale zake zilikuwa kavu, nami nimemcheka hadi juzi. Siwezi kumpa nafasi ya kulipiza. Mtoto yumo mfukoni mwa shati. Mkate umeisha bila mtoto kuonekana, mama mkwe amesema mwokaji ni mwizi.

Jumanne, 7 Januari
Mke wangu Nicanora alikuwa sokoni. Nikakaa kwenye kompyuta ya sebuleni na kutafuta: "kumkana mtoto wa mkate ni dhambi?" Kisha "tamale za watu thelathini". Kisha "kumeza mtoto wa plastiki, dalili", ikilazimu. Majibu hayakunitia moyo.

Alhamisi, 9 Januari
Mama mkwe alikuja kutazama mitindo ya kufuma kwenye kompyuta yetu. Pembeni likajitokeza tangazo la sufuria ya tamale za watu thelathini. Akafungua hali ya hewa. Sufuria ileile! Akauliza, "Mkwe wangu, hii sufuria inamtafuta nani humu ndani?" Nikasema ni Januari, inamtafuta kila mtu. Akasema mbona kwake haijafika.

Ijumaa, 10 Januari
Nimesoma, nimeelewa. Ni vidakuzi vya kufuatilia: vijifaili vinavyoachwa kimyakimya kwenye kompyuta, kisha vinawaambia wenye matangazo ulikopita. Wambea! Makala ilishauri kuvichambua kimoja kimoja. Mimi si mtu wa kuchambua mchele. Nimefuta vyote, pamoja na nywila zote zilizohifadhiwa, kwa usalama. Dakika mbili tu. Sufuria imetoweka. Mimi ni mtaalamu.

Jumamosi, 11 Januari
Nicanora hawezi kuingia kwenye ukurasa wake wa oda. Hushona mavazi ya sanamu za Mtoto Yesu, ambazo kila nyumba huzivisha upya kwa Candelaria. Ndio msimu wake pekee. Oda hamsini na tatu, na vipimo vyote vimo humo. Nywila ilitunzwa na kompyuta, yeye haikumbuki. Akauliza nani kagusa. Nikasema umeme. Akakaa mbele ya cherehani, joho dogo mkononi, akalia bila sauti. Niliona aibu kweli. Nikampikia kahawa. Hakuinywa.

Jumapili, 12 Januari
Ukurasa ule aliuandikisha Gildardo, kwa hiyo namba ya siri inatumwa kwenye simu yake tu. Kaitwa. Kaja na mama mkwe. Dakika kumi, oda zote zimerudi. Nicanora kamkumbatia. Laiti ingeishia hapo! Lakini Gildardo akaifungua pia akaunti yetu ya nyumba ya kutafutia mtandaoni, akasema kufuta vidakuzi hakufuti yaliyotafutwa, akaunti huyatunza. Akaanza kuyasoma kwa sauti ya padri. Alipofika "dalili", mama mkwe akanyoosha kiganja. Nikamtoa mtoto mfukoni. Gildardo akasema, "Shemeji, zangu zilikuwa kavu, lakini nilizileta." Nicanora akanipa mgongo, akarudi kushona. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumapili, 2 Februari
Candelaria kwa mama mkwe. Tamale zangu zimeiva nje, ndani unga mbichi. Gildardo kala nne, kila moja kaisifu. Nicanora alimaliza oda zote. Hata mtoto wa plastiki kavalishwa joho, la kitambaa cha mfuko wa shati langu. Amesema, "Ili usiwe na pa kumficha tena." Kisha kacheka. Nimesamehewa.

Nami nimejirekebisha. Kosa lilikuwa kutumia kompyuta ya nyumbani. Mama mkwe amesinzia kitini, nimeazima simu yake, nimetafuta "kutambua kipande chenye mtoto kabla ya kukata". Majibu mazuri sana. Halafu, kwa usalama, nimefuta kila kitu kilichokuwa ndani.