Mtaalamu wa Kreta na Familia za Madaktari wa Meno

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeteuliwa! Tuseme nusu nimeteuliwa. Meneja wetu, Mama Beatrice, ametuita ofisini mimi na Senteu. Hotelini kuna mkutano wa madaktari wa meno, siku nne, mada kubwa ni fizi. Wamekuja na wake, waume, wazazi na watoto, na hakuna familia inayoweza kukaa siku nne ikisikiliza habari za fizi. Kwa hiyo itembezwe. Atakayeitembeza vizuri atapewa kazi ya kudumu ya kiongozi wa matembezi. Atakayeshindwa arudi alikotoka. Senteu alikotoka ni kwenye usukani, miaka kumi na miwili. Mimi nilikotoka ni nyuma ya jiko na mpira wa maji, naosha magari yanayorudi kutoka kreta, lile bonde la wanyama.

Kazi hiyo ina kofia. Ina pia jambo jingine: kila mwaka kiongozi anapewa kiti kimoja cha bure kumshusha ndugu yake kreta. Mama yangu, Bernadina, ana miaka sitini na tisa. Kazaliwa kijijini kwetu Qurus, kalima Qurus, magari ya watalii yamempiga vumbi tangu usichana wake, wala hajui yanakokwenda kuna nini. Krismasi ya mwaka juzi nilimwahidi nitampeleka. Keshaitangazia jumuiya nzima ya kanisani. Sasa kila Jumamosi wanamwuliza, lini?

Mama Beatrice akataka kujua kama kreta naijua. Nikasema naijua kama kiganja changu. Senteu akatazama dari.

Ukweli ubaki humu ndani: sijawahi kushuka. Hata ukingoni sijafika. Miaka thelathini na nne! Lakini nusu ya Karatu ni hivyo hivyo. Tunaishi na kreta kama mtu anavyoishi na jirani tajiri, magari yake unayajua kwa namba, sebuleni hujaingia. Ila tope lake nalijua. Jekundu ni la kupandia getini. Jeupe ni la chini, kando ya ziwa, linashika kwenye bodi kama chokaa. Mtu anayelijua tope la mahali, anapajua mahali.

Jumanne, 5 Agosti

Matembezi ya maporomoko. Senteu kapewa kundi lake, mimi langu, watu sita. Nikaona nimwoneshe. Nikachukua njia ya mkato ili Senteu atukute tumeshafika, tumenyoosha miguu, tunapiga picha.

Njia ya mkato ilikuwa ya ng'ombe. Ng'ombe hawakuwa wanakwenda maporomoko.

Katika kundi langu kuna Mwalimu Piusi, baba wa daktari mmoja wa Morogoro, mwalimu mstaafu wa jiografia. Ana daftari. Maswali hayamwishi! Mawe haya ni ya aina gani? Nikasema magumu. Akaandika. Upepo huu unatoka wapi? Nikamwonesha kwa mkono. Akaandika. Baada ya saa mbili akauliza kwa upole kama maporomoko huwa yanasikika. Nikasema ya hapa yana adabu.

Tukatokea nyuma ya nyumba. Choo nikakifahamu. Mbuzi nikamfahamu. Ni kwetu!

Mama alikuwa anapiga mbaazi juu ya turubai. Akaniuliza mbele za watu, wageni hawa wamepotea au wewe ndiye uliyepotea? Nikawatangazia kwamba huu ni utalii wa kilimo, nilitaka uwe wa kushtukiza. Mama hakupoteza muda. Kila mtu kapewa fimbo. Jamani, wamepiga mbaazi! Mume wa daktari wa Kampala kavua koti. Bibi mmoja wa Dodoma alipiga kwa hasira, nadhani kuna mtu alimkumbuka. Gunia zima limepigwa, kisha wakapewa makande na maziwa, wakasema hawajawahi kufurahi hivi.

Shida ni moja tu. Wakati wa kuaga, Mama kamshika mkono Mwalimu Piusi, akamshukuru Mungu kwamba Alhamisi mimi, mwanawe, nami nitaiona kreta. Nikakohoa hadi mbuzi akakimbia. Mwalimu Piusi akanitazama. Kisha akaandika.

Jumatano, 6 Agosti

Siku ya mkakati. Kesho ni kreta yenyewe, gari moja refu, na mwenyekiti wa madaktari, Daktari Laurencia, anakuja mwenyewe baada ya kuzikimbia fizi. Nimemshauri Mama Beatrice kwamba Senteu aendeshe, mimi niongee. Nimemwambia Senteu ni mtu wa kijiji cha Piyaya, ni mfugaji, maneno yake ni machache, wageni watasinzia. Akakubali! Senteu naye akakubali, bila neno. Ndiyo maana nasema maneno yake ni machache.

Mchana kutwa nimesimama mapokezini mbele ya lile bango la wanyama. Nimewakariri wote kuanzia juu kushoto. Mhudumu akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Nimeamuru tuondoke saa kumi na moja alfajiri, tuwapite wenye hoteli nyingine. Senteu akasema Agosti kule juu ukungu huwa mzito, afadhali watu wanywe chai, tufike saa tatu. Eti chai! Hila hiyo nimeiona mapema. Anataka tuwe wa mwisho, lawama iniangukie. Nimekataa.

Alhamisi, 7 Agosti

Sijui nianzie wapi. Nianze getini.

Getini kila Mtanzania alitoa kitambulisho chake. Mimi sikubeba, kwa sababu jana niliwaambia wageni kwamba askari wa pale ni ndugu zangu, hawaniulizi. Wakaniuliza. Askari akataka kujua mimi ni nani. Swali gumu, mbele ya wageni wote. Senteu akashuka, akamsalimia kwa Kimaa, akazungumza naye kidogo, akafungua kisanduku cha mbele na kutoa kitambulisho changu. Kumbe jana jioni alipita Qurus kumwomba Mama. Sijui aliwaza nini. Nilimshukuru kidogo.

Tukapanda msituni. Miti imeota ndevu za kijani, inadondosha maji. Baridi! Tukasimama ukingoni, pale pa kutazamia. Ukungu mtupu. Mweupe, mzito, kama umefunikwa shuka kichwani.

Sikutishika. Mtu asiyeona hawezi kukubishia. Nikaanza. Kulia kwenu, tembo. Kushoto, nyumbu elfu ishirini. Wakainua simu, wakapiga picha ukungu wa kulia na ukungu wa kushoto. Daktari Laurencia akauliza kama hautafunguka. Nikamwambia wataalamu hupendelea hivi, macho hayachoki. Dakika arobaini nimeongea. Nilikuwa katikati ya sentensi kuhusu faru.

Ukafunguka.

Kwanza tundu dogo, na ndani yake kitu kinang'aa, chini mno, mahali ambapo hapakupaswa kuwa na kitu. Ni ziwa. Kisha upepo ukauvuta ukungu wote kwa pamoja, na nchi nzima ikawa chini ya miguu yangu. Nchi nzima, na ukuta wake pande zote! Nyasi hadi macho yanaishia. Kivuli cha wingu kinatembea juu ya nyasi bila haraka. Nyumbu kama ulezi uliomwagika kwenye mkeka. Pembeni mwa ziwa mstari wa waridi, nikadhani ni udongo, ukainuka ukaruka, kumbe ni ndege. Tembo alikuwepo kweli, ila si upande niliosema. Mkubwa kama punje ya harage.

Nikasikia mtu anasema, mama wee, mama wee. Ni mimi. Nikakaa kwenye jiwe, nikalia. Sikulia kidogo. Miaka yote hii nilikuwa naosha vumbi la mahali hapa, nalimwaga mtaroni!

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Piusi akaja akakaa karibu yangu. Kwa mara ya kwanza hakuuliza kitu. Akasema amefundisha kreta hii miaka thelathini na mmoja, kwa chaki, kila mwaka anachora bakuli ubaoni. Naye hajawahi kuiona mpaka leo. Akasema kumbe chaki haikutosha. Akaufunga mfuniko wa kalamu.

Tukashuka. Njia yenyewe ni ya kumwomba Mungu, gari limeinamisha pua na hakuna anayepumua. Chini nikasahau bango lote la mapokezini. Wageni wakiuliza yule ni nani, Senteu anajibu, nami nauliza pamoja nao. Tulipofika kando ya ziwa nikapiga kelele, tope jeupe! Nikawaeleza namna linavyoganda, kwamba lazima lilowekwe kwanza, kwamba ukilikwangua unaharibu rangi. Wakanisikiliza kwa makini sana. Nadhani ndilo neno la kweli pekee nililosema wiki hii.

Kisha simba jike akaja. Akapita katikati ya magari kama mama mwenye nyumba, akalala kwenye kivuli cha gari letu, mgongo kauegemeza kwenye tairi. Tairi nililoliosha juzi kwa mkono wangu! Tulimsikia anavyopumua. Daktari Laurencia akanong'ona kwamba meno yake ni mazuri ajabu, akafuta macho. Kwenye bwawa la viboko aliomba darubini ya Senteu, na kiboko mmoja alipopiga mwayo, daktari akasema kwa sauti ya mtu aliye kanisani, angalieni chonge hizo.

Mchana Senteu akashauri tule chakula ndani ya gari. Hapo nikakumbuka kwamba kiongozi ni mimi. Nikatandika shuka kwenye majani, nikainua paja langu la kuku kuwakaribisha. Mwewe akalichukua. Sikumwona akija, nilimwona akienda. Hata kwa hilo nilishangaa, alivyoshuka kwa ufundi.

Jioni Mama akaniuliza, enhe, kule chini kuna nini? Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akasema tangu nizaliwe hajawahi kuniona nimekosa la kusema, basi lazima ni kikubwa. Nikaingia kulala.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Mkutano umefungwa. Mama Beatrice katuita.

Kazi kapewa Senteu. Na kofia.

Nilijua. Bado iliniuma hapa kifuani, kwa ajili ya kile kiti. Kisha Mama Beatrice akasoma barua ya wageni, mwandiko wa Mwalimu Piusi. Inasema Senteu asiachwe kamwe. Inasema pia Adrian, yaani mimi, asiachwe nyumbani, maana kutazama kreta karibu na mtu anayeiona mara ya kwanza ni heshima waliyopata bila kuilipia. Mama Beatrice akashusha miwani. Mara ya kwanza? Nikasema barua ina makosa, lile lilikuwa vumbi limeniingia machoni. Katika ukungu? Nikasema vumbi la ukungu.

Akamgeukia Senteu. Senteu akafikiri, akasema tope la kreta hakuna anayelijua kunishinda. Basi. Nimekuwa msaidizi wake, kofia nitavaa siku yake ya mapumziko.

Nje akanisimamisha. Kile kiti cha mwaka huu, akasema, wazazi wake wamezaliwa juu ya ukingo, hawana haja nacho. Atampakia Mama Bernadina Jumamosi ijayo, akae mbele. Nimemchukia mtu huyu miaka sita kwa wivu wa darubini yake. Nikamwambia asante, kaka. Akasema tutaondoka saa tatu, baada ya chai.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani Mama kasimama, katangaza. Amevaa kitenge cha Pasaka na Pasaka ilishapita. Watu wamepiga vigelegele, yeye kalia, nami nikapiga magoti na kuapa mbele za Mungu: uongo basi. Nimeona ukuu wake kwa macho yangu. Mtu aliyeona vile hawezi tena kusema asichokijua. Nimetoka mwepesi, mtu mpya kabisa.

Mlangoni simu ikalia. Mama Beatrice. Wiki ijayo unakuja mkutano wa wapima ardhi, na familia zao zinataka kwenda Oldonyo Lengai. Senteu atakuwa na kundi la kreta. Je, kuna anayeujua ule mlima?

Nimemwambia nimeupanda mara tisa.

Sasa hivi nimerudi kutoka sokoni na vitunguu vitatu, vile vikali vya Mang'ola, endapo machozi ya mlimani yatachelewa. Mlima wenyewe uko upande gani nitamwuliza Senteu kesho, kwa kuzungukazunguka. Sina wasiwasi. Tope lake ni la kijivu. Nimeliosha mara mbili.