Cheni Iliyotundikwa Kilabuni

Fabian, fundi wa magari pale Njoro, alikuwa na ugonjwa wake mmoja, na ugonjwa wenyewe ni Desemba. Kila mwaka ndugu zake walipanda na magari ya kutoka Dar kula Krismasi kwao Kibosho, mlimani. Yeye, fundi mzima, alipanda kwa miguu akiswaga dume la ng'ombe la kuchinja. Basi mwaka ule Mektrida, mjane muuza ndizi wa huko huko Kibosho, alipoleta pikapu ya marehemu kukaguliwa, Fabian aliona Krismasi yake imejileta yenyewe.

"Shikamoo mama. Injini inalia hii. Cheni ya taimingi hiyo."

"Marahaba. Mbona mimi sisikii kitu?"

"Ndiyo hatari yake."

Akafungua injini, akabonyeza cheni kwa kidole. Imekaza, nzima kabisa, Mungu amsamehe. Mektrida alipogeuka kusalimiana na jirani, fundi akachomoa cheni mkweche mfukoni mwa ovaroli.

"Nimeitoa, ione ilivyolegea. Ikikatika mlimani, injini kwisha, na wewe pamoja nayo."

Mektrida akaishika, akaivuta, akalia kidogo kwa adabu. "Sasa nifanyeje, mwanangu?"

"Niachie gari kama skrepa. Nitakupa dume langu."

"Haya. Na cheni nichukue, iwe kumbukumbu ya marehemu."

Fabian nusura acheke.

Siku ya Krismasi Fabian akapanda Kibosho na pikapu yake mpya, honi kila kona, lakini hakuna aliyekubali lifti. Mektrida alikuwa ameitundika ile cheni mlangoni mwa kilabu cha mbege, pombe ya ndizi, na kila mnywaji alishaivuta kwa mkono wake. Hata mama mzazi wa Fabian aliichungulia pikapu, akashika njia ya kanisani kwa miguu. "Fundi mwenyewe kasema itaua mtu," alisema.

Jamani, aibu ile! Akisema gari ni zima, amekiri uongo; akinyamaza, anaendesha jeneza. Mwisho akachuma jani la isale, maana Mchaga akiletewa isale hakatai kusamehe, akaenda kupiga magoti kwa Mektrida, uani kwake pamejaa wageni.

"Mama, nilidanganya. Cheni yako haina ubovu."

"Najua. Cheni ya injini huoga oili kila siku. Ile uliyonipa ilikuwa kavu kama ulimi wa mlevi asubuhi." Akalipokea jani. "Nimekusamehe. Lete funguo."

Fabian akazitoa, maana ukishakiri kwa isale, huwezi kubaki na mali ya mtu. "Na dume langu, mama?"

"Inuka, mwanangu. Jamani mpisheni, mumkatie nyama."

Wakamkatia mbavu. Ilikuwa nyama laini, iliyonona, kwa kuwa dume huyo Fabian alimlisha migomba kwa mikono yake mwenyewe. Fabian akala, kisha akaomba chumvi.